Mtoto wa Mfugaji Asikose Shule

Katika vijiji vingi vya Tarime na Serengeti, mtoto huanza kazi kabla ya jua kutoka. Hebu tutazame siku ya watoto wawili wa nyumba moja. Mvulana ana miaka 11. Dada yake ana miaka 9. Wazazi wao wana ekari 3 za mahindi, muhogo na ulezi. Wana ng'ombe 8 na mbuzi wachache. Nyumba kama hii hata wewe unaijua.

Asubuhi hadi usiku

Msichana huamka saa 11 alfajiri. Huchukua ndoo na kwenda mtoni. Akirudi hufagia uwanja na kuosha vyombo. Mvulana hufungua zizi na kushika ndama mama anapokamua. Kisha wote wawili huenda shule. Wakibahatika, hula kiporo cha ugali. Wasipobahatika, huenda na njaa. Njia ni ndefu. Wakifika, kengele imekwisha lia.

Wakirudi, mvulana huenda malishoni. Msichana hutafuta kuni, na mgongoni amembeba mdogo wake. Usiku daftari hufunguliwa, lakini macho yamejaa usingizi.

Hizo ni siku za afadhali. Msimu wa kulima ukifika, mvulana huongoza maksai mbele ya plau, na darasani hayumo. Mahindi yakikomaa, vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Serengeti huvamiwa na tembo. Watu hulinda mashamba usiku. Mtoto aliyekesha shambani hamsikii mwalimu asubuhi.

Kazi si mbaya

Ni vizuri mtoto ajifunze kazi. Mvulana huyu anamjua kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake. Anajua malisho mazuri. Hiyo nayo ni elimu. Ubaya huanza pale kazi inapokula siku za shule.

Mwaka 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, hapa hapa mkoani kwetu. Kiliamua kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kazi ya mtoto isimzuie kusoma.

Ndugu msomaji, labda wewe ulijifunza kusoma ukubwani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa wapi? Wengi watajibu: "Nilikuwa nachunga." Je, mwanao naye ajibu hivyo?

Tufanye nini?

1. Tuchunge kwa zamu. Nyumba 5 za jirani ziunganishe mifugo yao. Toka Jumatatu hadi Ijumaa kuna siku 5. Kila nyumba itoe mtu mzima mmoja kwa siku moja tu. Watoto wa nyumba zote 5 watakuwa darasani kila siku. Kabla ya kuunganisha, hakikisheni hakuna mnyama mgonjwa.

2. Tupande majani ya ng'ombe karibu na nyumba. Matete ya kulisha mifugo hukua haraka. Mvua zikianza, kata kipande cha shina chenye vifundo 3. Fukia vifundo 2, kimoja kibaki juu. Acha mita 1 kati ya mstari na mstari, na nusu mita kati ya shina na shina. Baada ya miezi 3 au 4 anza kukata. Majani hayo hayatatosha kundi zima. Lakini ndama, maksai na ng'ombe wa maziwa watakula nyumbani.

3. Tuwafundishe maksai. Maksai waliofundishwa vizuri hufuata mstari bila kuongozwa na mtoto. Waanze kufundishwa mapema, kabla ya msimu wa kulima.

4. Tuchangie uji wa shule. Baada ya mavuno, kila mzazi atoe debe la mahindi au kiasi kitakachokubaliwa na mkutano wa kijiji. Mtoto mwenye njaa hashiki masomo.

5. Tugawane kazi za nyumbani. Mvulana naye anaweza kuteka maji. Baba naye anaweza kuleta kuni. Msichana apate saa moja ya kusoma kabla giza halijaingia.

Wezi wa ng'ombe je?

Wako wazazi wanaosema, "Mwanangu akienda shule, ng'ombe wataibiwa." Tufikiri vizuri. Mtoto wa miaka 11 hawezi kumzuia mwizi. Kumweka peke yake porini ni kumhatarisha yeye na ng'ombe pia. Mtu mzima analinda vizuri zaidi.

Basi leo jioni zungumza na jirani zako. Chukueni karatasi. Andikeni majina ya nyumba 5, na mbele ya kila jina andikeni siku yake. Sasa mnajua kuandika. Wiki ijayo anzeni zamu.