Baccarat Rouge 540: parfumu isiyouliza kama uko mwanaume ao mwanamuke

Pengine umeisha kukutana nayo bila kujua jina lake. Mutu anapita karibu yako mu feti ya ndoa, na nyuma yake kunabakia harufu kama sukari iliyoungua kidogo mu sufuria, na chini ya ile sukari, kitu kikavu kama ubao, tena kitu kidogo kinachokumbusha hospitali. Unageuka uangalie. Ni mama? Ni kijana mwanaume? Harufu haikuambii. Ilitengenezwa vile kwa makusudi.

Jina lake ni Baccarat Rouge 540. Baccarat ni kiwanda cha vyombo vya kristali, mashariki ya Ufaransa, kilichoanza mwaka 1764. Mu 2014, wakati kilifikisha miaka 250, mutengenezaji wa manukato Francis Kurkdjian alikitengenezea harufu ya kusherehekea, mu chupa 250 tu. Harufu ikapendwa, na mu 2015 nyumba yake, Maison Francis Kurkdjian ya Paris, ikaanza kuiuzisha kwa kila mutu. "Rouge", aliyepita ku masomo hapa kwetu hahitaji kuelezwa. Na 540 ni digri za moto: kristali iliyochanganywa na unga wa zahabu inapashwa pole pole mpaka digri 540 kusudi ipate ule wekundu ambao Baccarat inajulikana nao.

Wauzaji wanaiita parfumu ya "nishi". Kwa Kifaransa ni kale kashimo ka mu ukuta wa kanisa penye wanawekaka sanamu (ni kibanda cha imbwa pia, lakini muuzaji hatakuambia hiyo). Maana yake: parfumu ya nyumba ndogo, inayotengenezwa kwa watu wachache, si kwa kila duka. Kwa hii yetu, neno limeanza kuchakaa. Mu 2017 kampuni kubwa LVMH, wenyi Dior na Louis Vuitton, walinunua sehemu kubwa ya nyumba hiyo.

Sasa, swali ambalo vijana wengi wanajiuliza ku soko: mwanaume anaweza kupakaa kitu kitamu vile? Jibu liko mu maisha ya Kurkdjian mwenyewe. Mu 1995, hajafikisha hata miaka 30, alitengeneza Le Male ya Jean Paul Gaultier, ile chupa yenyi umbo la kifua cha mwanaume na mistari ya baharia. Jina linasema "dume". Lakini ndani kuna nini? Lavanda, minti, na vanila mingi, ule mumea ambao wakulima wa upande wa Beni na Ituri wanaujua vizuri. Ni harufu tamu, na wanaume duniani kote waliipakaa bila kuuliza, kwa sababu chupa iliwaruhusu. Miaka 20 kisha, mutu yule yule akatoa kitu kitamu zaidi na hakuandika jinsia yoyote. Kwa maoni yangu, hapo njo siri yote ilipo: jinsia ya parfumu inaandikwa ku chupa na ku matangazo. Mu maji yenyewe haimo.

Na haikuanza na yeye. Eau de Cologne, iliyoanza mu muji wa Cologne, Ujerumani, mwaka 1709, ilipakwa na wanaume na wanawake. Napoleon alikuwa anaitumia kwa wingi sana. Oman na Dubai, kule wafanyabiashara wetu wanaenda kuleta mali, mwanaume muheshimiwa anapakaa mafuta ya waridi na udi, na hakuna anayemucheka.

Watengenezaji wenyewe wanataja yasmini, zafarani, mwerezi na ambari. Zamani ambari ilitoka mu tumbo la nyangumi. Siku hizi kazi yake inafanywa sana na ambroksani, ambayo inaweza kutengenezwa kutoka ku mumea. Ambroksani inakaa siku nzima ku ngozi, na ku nguo inaweza kubakia mpaka zifuliwe.

Kwa hiyo parfumu hii inafaa mutu wa tabia gani? Wauzaji watakuambia "mutu wa siri", "mutu wa nguvu". Maneno ya biashara hayo. Mimi ningeuliza kitu kingine: inakusumbua watu wakikuangalia? Hii parfumu inatangulia mwenyewe kuingia mu nyumba, na inabakia kisha ameisha kwenda. Inafaa mutu asiyeogopa kuulizwa "umepakaa nini leo?", anayependa kukumbukwa, na anayejua pia kupima. Mutu wa haya, anayekaa nyuma ya chumba, itamuchokesha. Kwake kuko mufano Molecule 01, ya mwaka 2006, kazi ya Mujerumani Geza Schoen: molekule moja tu yenyi harufu nyepesi ya ubao, ambayo watu wengine hata hawaisikie.

Tena kuangalia tabia tu hakutoshi, lazima kuangalia na fasi unayoenda. Daktari, mwalimu wa watoto wadogo, mutu anayeenda ku kilio, ao anayebanana na wengine mu bus madirisha yakiwa yamefungwa juu ya mvua: hapo harufu yenyi kubeba mbali inakuwa muzigo wa wengine. Mwenyi pumu anaweza kupata shida kweli. Na pua ina uongo wake. Kisha dakika chache inazoea, haisikie tena, na mwenyewe anafikiri imeisha, anapulizia tena. Mara mbili asubuhi inatosha, ku ngozi isiyo na kidonda, na mbali na mbabula, kwa sababu alkoli inawaka haraka.

Bei? Chupa ya mililita 70 inapita dola 300. Ukiiona ku meza ya soko kwa dola 15 na jina lile lile, ni ya bandia, usijidanganye. Lakini utofautishe. Kuko nyumba zinazotengeneza harufu inayofanana na kuiuzisha kwa jina lao wenyewe. Hayo ni mambo mengine: mu 2006 mahakama kubwa ya Ufaransa ilisema harufu ya parfumu hailindwe kama vile kitabu ao wimbo. Jina ndilo linalindwa. Inayofanana, yenyi jina lake, karatasi ya vitu vilivyomo na namba moja ku kartoni na ku chupa, inaweza kukufaa. Chupa iliyoiba jina, hakuna anayejua waliweka nini ndani, na ngozi ya shingo yako njo itakayojua wa kwanza.

Mbele ya kulipa, omba muuzaji akupulizie ku mukono, kisha toka mu duka. Usinunue siku ile. Nusa kisha saa moja, nusa tena jioni, na umuulize mutu wa nyumbani, si muuzaji. Akisema kichwa kinamuuma, acha chupa ibakie ku duka.