Kweli au Si Kweli: Haki za Wageni Birmingham

Kilo ya unga kwenye maduka ya Stratford Road, Birmingham, ina bei moja kwa kila mteja. Haki za wateja ndizo hazilingani, na tofauti hiyo huonekana kwenye kikapu. Uvumi nao huwafanya wengi wasidai hata kile wanachostahili.

"Waomba hifadhi wanaishi kwa raha."
Si kweli. Aliyepangiwa nyumba na kujipikia mwenyewe hupewa pauni 49.18 kwa wiki, kiwango kilichowekwa mwaka 2024. Ni kama pauni 7 kwa siku, za chakula, nguo, sabuni, simu na nauli ya basi. Mahali pa kuishi hachagui.

"Waomba hifadhi hawataki kazi."
Si kweli. Sheria inawazuia. Mtu anaweza kuomba ruhusa akisubiri uamuzi kwa miezi 12 bila kosa lake, na akiipata huruhusiwa tu kazi zilizo kwenye orodha maalumu ya serikali.

"Mwenye viza ya kazi akilipa kodi, anasaidiwa kama raia."
Si kweli. Viza hizo, zikiwemo za wanaotunza wazee, zina sharti la kutotumia fedha za umma. Mwajiri akimpunguzia saa za kazi, mzazi mwenye viza hiyo hapati Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) wala posho ya watoto, ingawa mshahara wake hukatwa kodi ileile.

"Mtoto wa mwenye viza ya kazi anaweza kula bure shuleni."
Kweli. Tangu 2022 anaruhusiwa, mradi kipato cha nyumbani kisizidi kiwango kilichowekwa. Ulizeni ofisi ya shule.

"Huwezi kujiandikisha kwa daktari wa familia bila kuonyesha viza."
Si kweli. Kujiandikisha ni bure, na ukosefu wa viza au uthibitisho wa anwani si sababu ya kukataliwa.

"Mkenya anaweza kupiga kura, Mkongo hawezi."
Kweli. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda, nchi za Jumuiya ya Madola, akiwa na ruhusa ya kuishi Uingereza na umri wa kupiga kura, huchagua diwani na mbunge. Jirani yake kutoka Kongo, Burundi au Somalia hana haki hiyo mpaka apate uraia.

Pengo hili halikuletwa na uvivu wa mtu. Limeandikwa katika sheria, na sheria hubadilishwa na wabunge. Wewe unayeruhusiwa kupiga kura, jiandikishe, kisha mwulize mbunge wako juu ya jirani asiyeruhusiwa.