Kasa akiumia anatibiwaje, na sisi wa Moshi tunahusikaje?

Baada ya kipindi chetu cha bahari, baadhi yenu mliuliza kasa anatuhusu nini sisi wa mlimani. Tuanze na mgonjwa mwenyewe.

Kasa anaishi baharini lakini anapumua kwa mapafu. Akinaswa kwenye nyavu akashindwa kupanda juu kuvuta hewa, anakufa maji kama mtu. Ndiyo maana mvuvi akimkuta amelegea hatakiwi kumrudisha majini papo hapo. Amlaze kwa tumbo kivulini, sehemu ya nyuma iinuliwe kidogo ili maji yatoke mapafuni, gamba lifunikwe kitambaa kibichi, pua ibaki wazi. Ndoano iliyomezwa haivutwi, itachana koo.

Kule Watamu, Kenya, shirika la Local Ocean Conservation linafanya kazi hii tangu 1997. Mvuvi aliyenasa kasa kwa bahati mbaya huwapigia simu. Hulipwa kiasi kidogo cha kufidia muda wake, si bei ya kasa. Kwa maoni yetu hapo wamefikiri vizuri, maana wangelipa bei ya nyama, watu wangeanza kuwavua makusudi. Mzima huvalishwa kibati chenye namba kwenye pezi na kuachiwa. Mgonjwa huenda kliniki.

Wanaosumbua zaidi ni wanaoelea. Kasa akimeza plastiki utumbo unaziba, gesi inajaa tumboni, na hawezi tena kuzama kutafuta chakula. Hupewa maji ya mwilini na dawa ya kulainisha choo, kisha ni kungoja, wiki au miezi. Wengine hufa. Anayeweza kuzama na kula mwenyewe ndiye anayerudishwa baharini.

Sasa Moshi. Maji ya Karanga na Weruweru huingia Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani hadi baharini. Bwawa hunasa baadhi ya takataka, si zote. Karibu na mdomo wa mto huo kuna Maziwe, kisiwa ambacho zamani kasa walitaga kwa wingi. Sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai yanayotagwa pale huhamishiwa ufukwe wa bara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio bado tunavitupa mitaroni, na masika huvisomba.

Ukienda Pangani au Tanga ukamkuta kasa ameumia, toa taarifa ofisi ya uvuvi au serikali ya kijiji. Usikubali kuuziwa nyama yake: ni kosa kisheria, na Machi 2024 watu 9 walifariki Pemba baada ya kuila.