Je, wajua? Kompyuta hujipima joto mchana kutwa

Kompyuta yoyote ya mezani ya kisasa ina vipimajoto kadhaa tumboni mwake. Vingine vimo ndani ya prosesa yenyewe, vingine vimetawanywa juu ya ubao mama. Ipo pia chipu ndogo inayopima volteji na kuhesabu mizunguko ya feni. Vyote hufanya kazi muda wote mashine inapowaka, mwenyewe ajue asijue. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusoma majibu.

Kilembwe, makao makuu ya sekta ya Lulenge katika teritwari ya Fizi, majibu hayo yana faida kubwa kuliko mjini. Mashine huku hutegemea paneli za jua au jenereta, vumbi la kiangazi hupenya kila tundu, na mtu akitaka fundi aliyebobea huenda akalazimika kumtafuta Baraka, Uvira au hata Bukavu. Kompyuta ya duka la fotokopi ikianza kujizima kila alasiri, mmoja atasema ni virusi, mwingine betri, mwingine inveta. Namba tatu nne zinaweza kumaliza ubishi huo hapohapo.

Kwenye Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kazi ya kuzisoma namba hizo imo ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo. Humo mna kundi la draiva liitwalo hwmon, lenye draiva zaidi ya 100, kila moja ikijua chipu za aina fulani. Ile ya coretemp hushughulikia prosesa za Intel, k10temp za AMD, it87 chipu za kampuni ya ITE, na nct6775 zile za Nuvoton. Kazi hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mradi wa kujitolea wa lm_sensors, uliochukua jina lake kwenye chipu za LM75 na LM78 za kampuni ya National Semiconductor. Keneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003, draiva hizo zilikuwa zimeshaanza kuingizwa ndani yake.

Mtu atauliza: kama chipu imeshapima, draiva ya nini? Tuanze na volteji. LM78 ina ngazi 256 tu za kupimia, kila moja milivolti 16, kwa hiyo haiwezi kuona zaidi ya volti 4 na ushee. Waya wa volti 12 hauwezi kuunganishwa nayo moja kwa moja. Kwa kawaida mtengenezaji wa ubao huweka rezista mbili, ya kiloomu 30 na ya kiloomu 10, volteji ikafika kwenye chipu ikiwa robo, yaani volti 3. Ili mtumiaji aone 12, lazima mtu azidishe kwa 4. Mtengenezaji mwingine akiweka rezista tofauti bila kutangaza, skrini itaonyesha volti 9 au 15 ilhali umeme uko sawasawa.

Feni nayo ina vituko vyake. Kila inapomaliza mzunguko mmoja hutuma mapigo mawili. LM78 haihesabu mapigo hayo kwa dakika. Hupima muda wa mzunguko mmoja kwa saa yake ya ndani inayogonga mara 22,500 kwa sekunde, na kihesabu chake hakivuki 255. Kwa feni ya mizunguko 1,350 kwa dakika, saa hiyo hugonga mara 1,000 katika kila mzunguko, na kihesabu hujaa mapema. Draiva huiambia chipu igawe saa hiyo kwa 8, hesabu ikashuka hadi 125. Kigawanyo kikiwa kidogo mno, feni itaandikwa 0 huku inazunguka mbele ya macho yako.

Joto ndilo lenye mtego mkubwa zaidi. Kihisi cha prosesa ya Intel hakisemi nyuzi ngapi. Husema zimebaki nyuzi ngapi kufikia kikomo. Kikomo kikiwa 100 na kihisi kikasema 38, draiva hutoa na kupata 62. Kwa AMD, baadhi ya prosesa za Ryzen za mwaka 2017, kama 1800X, zilitoa namba iliyoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, ili feni zidhibitiwe kwa mpango mmoja. Draiva ya k10temp ina orodha ya prosesa hizo na huziondoa nyuzi hizo 20.

Mwisho wa safari, jibu huandikwa kwenye faili ndani ya saraka ya /sys/class/hwmon. Ukifungua temp1_input utakuta 62000, si 62. Keneli hukwepa hesabu za desimali, ndiyo maana joto huandikwa kwa elfu za nyuzi na volteji kwa milivolti. Amri ya sensors huzipanga namba hizo zisomeke vizuri.

Kusoma huku hakukuwa salama siku zote. Chipu nyingi huongea kupitia I2C, njia ya nyaya mbili iliyobuniwa na Philips mwaka 1982, na kuzitafuta ni kupiga hodi kwenye kila anwani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hodi hizo ziliharibu data za chipu moja ya kumbukumbu ndani ya baadhi ya kompyuta za ThinkPad za IBM. Mashine zilizopatwa zilikataa kuwaka. Waandishi wa draiva wakafunga njia hiyo kwa ThinkPad.

Kwa hiyo usiiamini namba peke yake. Ukiona nyuzi 127 kwenye mstari mmoja na mingine imetulia, huenda pini ya chipu inayosomwa hapo haikuunganishwa na kihisi chochote. Dawa ni kuandika kwenye daftari namba za siku ambayo mashine ni nzima, ikiwa imepumzika na ikiwa na kazi. Prosesa iliyozoea 62 ikifika 95 kwa kazi ileile na feni haijapunguza mbio, shuku vumbi au grisi ya kupozea iliyokauka. Feni ikiwa imeshuka nusu, shuku feni. Joto likiwa la kawaida na mashine bado inazima, hapo ndipo ugeukie inveta na betri. Yote hayo hayahitaji intaneti, kwani draiva zimeshakuja na keneli, na namba tatu nne mtu anaweza kumsomea fundi wa Baraka kwa simu kabla ya kulipa nauli.