Kuifufua Motaboti ya Zamani: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Injini kwa Utaratibu

Mwaka 1909 fundi mmoja mzaliwa wa Norwe, Ole Evinrude, alianza kuuza katika mji wa Milwaukee, Marekani, injini ndogo ya kupachikwa kwenye tezi ya mashua. Injini hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 28 hivi, na nguvu za farasi 1.5 tu. Watu wengine walikuwa wamekwisha kubuni mitambo ya aina hiyo, lakini ya Evinrude ndiyo iliyopata soko kubwa. Kufikia miaka ya 1950, injini za kupachika zilikuwa na nguvu ya kutosha kukimbiza vyombo vyepesi kwa kasi kubwa.

Baadhi ya vyombo vya wakati huo vingali vipo, na mafundi huvifufua hadi leo. Kimojawapo ni Boston Whaler ya futi 13, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1958 na kampuni ya Richard Fisher. Mwili wake una ngozi mbili za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, na kati ya ngozi hizo mna povu gumu la plastiki. Mwaka 1961 jarida la Life lilichapisha picha za Fisher akiwa ameketi ndani ya mashua hiyo huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno. Vipande vyote viwili vilielea, kwa kuwa densiti ya povu hilo ni ndogo sana kuliko ya maji.

Chombo cha namna hiyo kinapotolewa bandani baada ya miaka mingi, wengi huanza kukipaka rangi, kisha hubadilisha vipuri vya injini kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Njia hiyo hula fedha, na yaweza kuhatarisha maisha, kwa sababu hitilafu zinazozamisha chombo au kuzima injini katikati ya maji aghalabu hazionekani kwa macho. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitafuta kwa utaratibu.

UBAO WA TEZI

Sehemu ya kwanza kupimwa ni ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma unaoibeba injini. Injini ya nguvu za farasi 40 huweza kuwa na uzito wa kilo 60 na zaidi. Tena msukumo wote wa rafadha hupitia katika ubao huo. Ndani ya ngozi ya nyuzi za kioo mna plaiwudi. Tundu la skrubu lisipozibwa vyema, maji hupenya kidogo kidogo. Unyevu wa mti ukizidi takribani asilimia 20, kuvu huweza kuota na kuulisha mti huo mpaka ukawa laini kama mkate uliolowa, na huku ngozi ya nje ingali inang'aa.

Vipimo vyake ni rahisi. Kwanza, ubao hugongwa kwa nyundo ndogo: mti mzima hutoa mlio mkali, na uliooza hutoa mlio mzito usio na mwangwi. Pili, hutobolewa tundu jembamba upande wa ndani. Unga mkavu na mweupe ni dalili njema; unga mweusi wenye maji ni dalili ya kuoza. Tatu, chombo kizima hupimwa uzito na kulinganishwa na ule uliotajwa na kiwanda. Kila lita moja ya maji iliyojificha ndani ya povu huongeza kilo moja, na hupunguza uwezo wa povu wa kukiokoa chombo.

Ubao uliooza hautibiwi kwa kupakwa rezini juu. Ngozi ya ndani hukatwa, mti wote mbovu huondolewa, na plaiwudi mpya ya kutumika majini hugandishwa kwa gundi ya epoksi. Matundu ya boliti hutobolewa makubwa kuliko yanavyohitajiwa, yakajazwa epoksi, kisha yakatobolewa upya katikati ya epoksi hiyo, ili maji yasigusane na mti tena. Anayekata au kupiga msasa nyuzi za kioo hana budi kufunika pua, mdomo na macho.

NAMNA INJINI INAVYOFANYA KAZI

Injini nyingi za kupachika za zamani ni za mipigo miwili. Mpigo mmoja ni mwendo wa pistoni kutoka mwisho mmoja wa silinda hadi mwingine. Pistoni inapopanda, juu yake hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na chini yake hufyonza mchanganyiko mpya kutoka kwenye kabureta hadi ndani ya kasha la krenki. Cheche ya plagi huuwasha mchanganyiko uliogandamizwa, pistoni husukumwa chini, moshi hutoka, na mchanganyiko mpya hupanda kuchukua nafasi yake.

Kwa kuwa kasha la krenki ni njia ya petroli, haliwezi kuhifadhi mafuta ya kulainisha. Mafuta hayo huchanganywa na petroli yenyewe. Injini nyingi zilizotengenezwa baada ya katikati ya miaka ya 1960 huhitaji sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya mafuta. Baadhi ya zile za kabla ya hapo huhitaji 24 kwa 1. Tofauti hii si ndogo. Kwa lita 24 za petroli, injini ya kwanza huhitaji chini kidogo ya nusu lita ya mafuta, na ya pili huhitaji lita nzima. Anayetia kipimo cha injini mpya katika injini ya zamani huinyima zaidi ya nusu ya mafuta yake, na bearingi zake hufa mapema.

MASWALI MANNE

Ili injini ifanye kazi na kudumu, huhitaji mambo manne: mgandamizo, cheche, petroli na maji ya kupoza. Utaratibu ni kuchunguza jambo moja kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo kabla ya kugusa jambo jingine.

1. Mgandamizo. Hili hutangulia kwa kuwa silinda ikiwa imeharibika, kazi nyingine zote ni bure. Plagi hutolewa, geji hufungwa mahali pake, na injini huzungushwa. Kilicho muhimu zaidi ni ulinganifu wa silinda: tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15, huenda ringi zimechakaa au gasketi imeungua. Injini iliyolala miaka mingi huzungushwa kwanza polepole kwa mkono, baada ya kutiwa mafuta kidogo katika tundu za plagi. Ikikwama isilazimishwe.

2. Cheche. Sumaku zilizo katika gurudumu zito la injini huzalisha umeme katika koili. Platini zinapoachana, mkondo hukatika ghafla, uga wa sumaku huanguka, na katika nyaya za pili za koili huzuka maelfu mengi ya volti. Hii ndiyo kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Platini zilizolala hufunikwa na kutu nyembamba isiyopitisha umeme. Husafishwa kwa msasa laini, kisha mwanya wake hupimwa kama kitabu cha injini kinavyoagiza. Cheche nzuri ni ya buluu na huruka kwa nguvu. Jaribio hili lisifanywe karibu na petroli iliyo wazi, kwa maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ya chombo.

3. Petroli. Petroli iliyokaa hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha gundi inayoziba vitundu vya kabureta. Vitundu hivyo husafishwa kwa dawa na hewa yenye kanieneo, si kwa waya, kwa sababu waya huweza kuvipanua. Kitundu kilichoziba hupunguza petroli na mafuta pia, na pistoni huweza kuyeyuka.

4. Maji ya kupoza. Pampu ya maji ina kijigurudumu cha mpira chenye mabawa. Kikilala miaka mingi, mabawa hubaki yamepinda, na maji hayapandi. Aluminiamu ya pistoni hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda inapopata joto. Hivyo pistoni isiyopozwa hubana na kukwama. Kijigurudumu hicho hubadilishwa kabla ya injini kuwashwa mara ya kwanza, na injini isiwashwe kamwe bila maji, hata kwa muda mfupi.

DALILI MOJA, MAGONJWA MAWILI

Faida ya utaratibu huu huonekana katika hitilafu moja ya kawaida. Injini huwaka vizuri, hukimbia dakika kumi, kisha huzimika. Ikipumzishwa kidogo, huwaka tena. Fundi wa kubahatisha hununua plagi, kisha kabureta, kisha koili.

Mwenye utaratibu hupima cheche papo hapo injini inapozimika, kabla haijapoa. Ikiwa cheche haipo, huenda waya ndani ya koili umekatika, na joto huutenganisha. Ukipoa hugusana tena. Ikiwa cheche ipo, hutazama njia ya petroli. Aghalabu hukuta tundu la hewa la tangi limefungwa. Petroli inapotoka bila hewa kuingia, kanieneo ndani ya tangi hupungua mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Injini ikipumzika, hewa hupenya polepole na kanieneo hurudi. Tiba yake ni kufungua tundu, nayo haigharimu hata senti moja.

Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani. Kopo lililofungwa vizuri lijazwe maji na litobolewe tundu dogo moja ubavuni, karibu na chini. Maji yatatoka kidogo, kisha yatakoma. Likitobolewa tundu la pili juu, maji yatatiririka.

MANUFAA YAKE

Injini za mipigo miwili zina kasoro isiyotengenezeka kwa spana: sehemu ya petroli, ambayo huweza kufikia robo au zaidi, hutoka na moshi bila kuungua na kuchafua maji. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimezizuia katika baadhi ya maziwa. Hata hivyo, injini za kanuni hii bado husukuma mashua nyingi za wavuvi katika Bahari ya Hindi na katika maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa. Mvuvi ambaye injini yake imezimika usiku, huku upepo ukimsukuma mbali na nchi kavu, hana duka la vipuri. Alichonacho ni maswali manne na mpangilio wake. Akianza kwa kulifungua tundu la hewa la tangi, huenda akafika nyumbani kabla ya mapambazuko.