Mchicha huoshwa kabla ya kisu, kisamvu baada ya mchi

Binti anayefundishwa kupika huambiwa aoshe mboga kabla hajaikata. Kwa mchicha na matembele amri hiyo ni sahihi kabisa. Vitamini C na folati huyeyuka majini, na jani likishakatwakatwa huvuja kila upande. Ukilirudisha kwenye beseni unamwaga uani sehemu ya ulichonunua sokoni. Kisamvu ndicho kinachovunja kanuni, kwa sababu kinachotakiwa kutolewa hakipo juu ya jani, kimo ndani yake.

Tuanze na cha juu. Matembele hutambaa chini mabondeni, kwa hiyo hufika Chake Chake yakiwa na udongo wa shamba zima. Chambua kwanza, utupe vikonyo vigumu na majani ya manjano, kisha tumbukiza katika beseni kubwa lenye maji mengi, uyatikise kwa mkono, uache mchanga utuame. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: huinamisha beseni na kumimina kila kitu kwenye chujio, na mchanga uliokwishatuama ukarudi juu ya mboga. Inua majani kwa mikono, maji uyaache nyuma. Badilisha maji, rudia, mpaka chini ya beseni pasibaki chembe.

Mchanga ni kero ya meno tu. Mayai ya minyoo ndiyo mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu kila mtoto wa skuli aliyepimwa Pemba alikuwa na aina moja au nyingine ya minyoo, na si ajabu kwamba maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000, imepewa jina la mtaalamu wa vimelea. Yai la chango lina gamba gumu linalonata. Chumvi, siki na ndimu haviliui. Chumvi huwafanya viwavi waachie jani, basi. Kusuuza hupunguza mayai na moto huyamaliza, kwa hiyo mwenye kuhangaika zaidi awe mla kachumbari, si mla mchicha wa nazi. (Safura ina njia yake nyingine: huingia kwa kupenya ngozi ya miguu iliyokanyaga udongo wenye kinyesi. Hiyo huzuiwa na viatu na choo, mchicha uoshwe usioshwe.)

Sasa kisamvu. Majani ya muhogo, hata ya ule mtamu, yana kemikali iitwayo linamarini. Ndani ya jani hilohilo kuna kimeng'enya, linamarasi, kilichotengwa nayo kama jirani aliyejengewa ukuta. Mchi unapovunja ukuta huo viwili hivyo hukutana, na mwisho wake hutoka sianidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu. Lakini sumu hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na joto la mchana la Pemba linatosha kuirusha hewani. Kinu, basi, kinafanya kazi ambayo maji peke yake hayaiwezi. Na vile vichipukizi laini tunavyovipenda ndivyo vyenye linamarini nyingi kuliko majani yaliyokomaa.

Kwa hiyo majani mazima huoshwa mchanga kwanza, kisha hutwangwa, pamoja na kitunguu thomu ukipenda, mpaka yawe rojo. Mwaka 2014, Howard Bradbury na Ian Denton walichapisha katika jarida la Food Chemistry njia isiyohitaji kuchemsha sana: twanga angalau dakika kumi, tandaza saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu osha kwa maji mara tatu. Mpishi wa Pemba anaweza kuifuata leo kwa kinu, sinia na kitambaa cha kukamulia. Baada ya hapo chemsha sufuria ikiwa wazi, mvuke upate pa kutokea.

Njia ya mkato ninayoikataa ni kuchemsha majani mazima ili yawe mepesi kutwanga. Moto huua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, ilhali linamarini yenyewe huustahimili. Itakayotoka ni ile tu iliyoyeyuka majini, kwa hiyo aliyekwishachemsha hivyo ayamwage maji hayo, asiyatie kwenye mchuzi. Magadi nayo siyatii: hulainisha upesi na kuhifadhi rangi, lakini huharibu thiamini na vitamini C.

Mabaki madogo ya sumu mwili huyageuza wenyewe kwa kutumia salfa inayotokana na protini, na hapo dagaa au samaki anayeliwa na kisamvu ana faida zaidi ya ladha. Kinachozalishwa, thiosianeti, hushindana na madini joto kuingia kwenye tezi ya shingoni, kwa hiyo nyumba inayokula kisamvu mara kwa mara itumie chumvi yenye madini joto.

Tui jepesi lichemke na mboga, tui zito litiwe mwishoni. Usiliogope: karotini ya majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta.