Waparsi wa Mumbai: Sukari kwa Wote, Moto kwa Wenyewe

Hatua chache kutoka stesheni ya treni ya Churchgate, katikati ya Mumbai, kuna kisima kilichochimbwa mwaka 1725 na Mparsi aliyeitwa Bhikha Behram. Bahari iko karibu, lakini maji yake si ya chumvi. Saa ambazo jiji zima linakimbilia treni, utawaona wazee wenye kofia wamesimama hapo, wakifungua na kufunga tena mshipi mwembamba wa sufu kiunoni huku wakisali. Asiye wa dini yao haingii. Atatazama akiwa barabarani.

Mshipi huo ni kusti, umefumwa kwa nyuzi 72, nao hufungwa juu ya fulana nyeupe ya pamba iitwayo sudreh. Mtoto huvishwa vyote viwili katika sherehe ya navjote, aghalabu kabla ya kubalehe. Waparsi wanamfuata nabii Zarathustra na kumwabudu Mungu mmoja, Ahura Mazda. Wamesingiziwa mara nyingi kwamba wanaabudu moto. Kwao moto ni kama kibla: huuelekea wanaposali.

Asili yao ni Uajemi. Baada ya Uislamu kushika nchi hiyo, baadhi yao walivuka bahari hadi Sanjan, pwani ya Gujarat. Wenyewe husimulia kwamba mfalme Jadi Rana aliwapelekea bakuli la maziwa lililojaa pomoni, maana yake nchi haina nafasi. Kiongozi wao akatia sukari kidogo, akalirudisha. Maziwa hayakumwagika, ila yaliongezeka utamu.

Sukari hiyo ilionekana zaidi Mumbai, wakati huo Bombay. Mwaka 1736 Lovji Wadia aliletwa kutoka Surat kuunda meli za Waingereza. Trincomalee, iliyoundwa hapo kwa miti ya msaji mwaka 1817, bado inaelea Hartlepool, Uingereza. Hospitali kubwa ya J.J. ina jina la Mparsi, Jamsetjee Jejeebhoy. Hoteli ya Taj Mahal ilifunguliwa na Jamsetji Tata mwaka 1903. Wengine walifika kwetu: mwimbaji Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Hata kalenda yao si ngeni kwetu. Mwaka wao wa siku 365 hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo sikukuu yao ya Navroz imesogea polepole hadi Agosti. Nairuzi yetu, anayoikoga mtu wa Makunduchi kila Julai, ni ya ukoo huohuo.

Jikoni ndiko mgeni anakokaribishwa bila masharti. Jumapili mchana hupikwa dhansak: dengu, nyama ya mbuzi, boga na biringanya vilivyochemka hadi vikavurugika, na wali wa rangi ya kahawia. Usikitafute chakula hiki arusini. Mtu akifa, jamaa hukaa siku tatu bila nyama, na ya nne huifungulia kwa dhansak. Arusini huletwa samaki aliyepakwa chatne ya nazi, kotimiri na pilipili mbichi, akafungwa katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Jani likifunguliwa, mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Mayai nayo huvunjwa juu ya karibu kila kitu, hata bamia. Katika mikahawa ya ndugu zao waliotoka Iran baadaye, kama Kyani ya mwaka 1904, watu wa dini zote huchovya skonzi ya siagi katika chai ya maziwa.

Maiti wao hawazikwi wala hawachomwi, maana ardhi na moto havinajisiwi. Kilimani Malabar huwekwa juu ya minara iliyo wazi, waliwe na tumbusi. Lakini tumbusi wa India karibu waishe kwa sumu ya diklofenaki, dawa waliyopewa ng'ombe, hata ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Sasa baadhi ya familia zimekubali kuchoma.

Watu wenyewe nao wanapungua. Sensa ya 2001 ilihesabu Waparsi zaidi ya 69,000 India nzima. Ya 2011, kama 57,000. Wengi huoa wakiwa na umri mkubwa, au hawaoi kabisa. Mtoto wa Mparsi aliyeoa nje hupokewa. Wa binti aliyeolewa nje, kwa desturi, hukataliwa, na ubishi juu ya jambo hili umegawanya familia.

Mumbai ina mahekalu manne ya moto wa daraja la juu kabisa. Mara tano kila siku, usiku wa manane ukiwamo, kuhani aliyeziba mdomo kwa kitambaa cheupe huongeza kuni, akagonga kengele. Kazi hiyo hupitishwa na baba kwa mwana, na wana wanaoitaka ni wachache.